Shituru haina parikingi

Bandugu, bayaya, vijana wenzetu wa Likasi, Panda, Kikula na Shituru,

Tunaanza na neno moja: haina. Ku Kiswahili chetu cha Katanga, ukisema «Shituru haina parikingi», unataka kusema Shituru si parikingi, ni mahali watu wanaishi. Shofere anayetoka Dar es Salaam akisikia maneno hayo hayo, anaelewa kitu kingine: kwamba mu Shituru hamna pahali pa kusimamisha lori. Tulibishana na shofere mmoja juu ya neno hilo, tukacheka, kisha tukanyamaza. Wote tulisema kweli. Shituru si parikingi, na Shituru haina hata parikingi moja ya maana. Njo sababu makamyo yanalala mbele ya milango yetu.

Kuya siku moja saa kumi na mbili ya magaribi, usimame tu ku njia, uangalie. Makamyo yanafika moja nyuma ya ingine. Ile imebeba siterne ya asidi, ile imebeba chokaa, ile iko tupu, inangoja zamu yake ya kupakiwa shaba. Yanajipanga kando ya njia, gurudumu moja juu ya mferezi, ingine karibu na lupango ya mtu. Shofere anashuka, anatosha mbabula chini ya treleri, anawasha makala. Ndiyo, makala ya moto, mita chache tu na tanki ya mazutu. Mama moja anakuja na bukari na samaki. Kijana anakuja na bidon ya njano na mupira wa kunyonya. Mwingine anauza kredi ya simu. Na shofere tumbo likimushika, anaangalia kushoto, anaangalia kulia, kisha anapotea nyuma ya ukuta wa mtu.

Huyo mtu ni jirani yetu. Asubuhi, yeye njo anasafisha.

Tuliuliza mama mwenye bukari kama makamyo yanamusumbua. Akatujibu: «Bana bangu, usiku moteri inalia paka vile mpaka asubuhi. Mutoto anakohoa. Lakini mukifukuza bale bashofere, bukari nitauzisha kwa nani?» Tulimuuliza pia shofere, yule wa Dar, juu ya nini anakuja kulala kati ya nyumba za watu. Yeye akasema: «Wadogo zangu, mimi mwenyewe sipendi. Lakini nikiegesha porini, nikisinzia tu, nikiamka mafuta hayapo. Hapa mbele ya nyumba angalau kuna mtu anaona.»

Tuliwaza sana juu ya jibu hilo. Tulizoea kusema mashofere wanalala kwetu juu hawatuheshimu. Kumbe wanalala kwetu juu wanaogopa. Nyumba zetu njo zimekuwa walinzi wao, bila mshahara, bila hata asante.

Sasa sikieni. Likasi haikuchaguliwa na bahati mbaya. Angalia ramani: kutoka mpaka wa Kasumbalesa mpaka hapa ni kilomita 200 na kidogo, kutoka hapa mpaka Kolwezi ni karibu 180. Tuko katikati ya barabara ya kitaifa nambari 1, pale ambapo shofere aliyeachwa na mpaka asubuhi anachoka. Na ku Shituru yenyewe kuna viwanda. Union Minière ilianza kusafisha shaba kwa umeme hapa mu 1929, na mpaka leo moshi wake tunaujua kwa pua. Kwa hiyo lori ingine inapita, ingine imekuja kwetu kabisa, inangoja siku moja, siku mbili, wakati mwingine zaidi. Hakuna mtu anaweza kutuambia hii ni kitu cha kushangaza. Miaka karibu 100 kiwanda kiko hapa, na hakuna mkubwa aliyewahi kujiuliza yule anayeleta na anayebeba atajisaidia wapi?

Tupige hesabu ndogo. Mu 2023 Kongo ilitoa zaidi ya tani milioni 2 na nusu za shaba, tukawa kati ya nchi za kwanza duniani. Lori moja inabeba kama tani 30. Hiyo ni safari zaidi ya 80,000 za kutoka tu, kwa mwaka. Tosha zile zinazopita upande wa Zambia kwa njia ya Solwezi, tosha kidogo kinachopanda reli. Bado iliyobaki ni mto wa makamyo. Kisha ongeza yale yanayoingia: asidi, salfa, chokaa, mazutu, vyuma, chakula. Kila moja ina shofere, na mara nyingi msaidizi wake. Kila shofere ana kibofu, ana usingizi, ana njaa. Si siri ya serikali hiyo.

Na kila moja inalipa. Hapa njo tunakasirika. Lori inalipa ku mpaka. Inalipa ku peaji. Inalipa kila lita inayonunuliwa ku pompe, sababu ndani ya bei ya mafuta kuna fungu la FONER, mfuko wa kutunza barabara, uliowekwa na sheria tangu 2008. Halafu kuna bariere zisizo na jina, zile ambazo karatasi yake ni mkono wazi tu. Shaba ile ile, kabla haijapanda lori, imelipa tena ku mgodi: sheria ya migodi ya 2018 inagawanya ule ushuru, 50 kwa mia serikali ya Kinshasa, 25 jimbo, 15 komini ao sekta ambayo udongo wake unachimbwa, 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Soma vizuri: komini ambayo udongo wake unachimbwa. Komini ambayo njia yake inakanyagwa, ambayo mferezi wake unazibwa, ambayo ukuta wake unakojolewa, haimo mu ile hesabu. Shaba ya Kolwezi inayopita hapa Likasi, kwa kifungu hicho, haituachii hata franka moja. Inatuachia vumbi.

Tunajua mutasema: muende mulalamike kwa washauri wa komini. Wapi? Desemba 2023 washauri wa komini walichaguliwa paka mu miji mikubwa ya majimbo. Lubumbashi ndiyo, Likasi hapana. Sisi hatuna hata mmoja tuliyemupa sauti ili tumufuate ku mlango wake.

Sasa kuhusu mafuta, tuseme ukweli wote, hata ule unaotuuma. Ile bidon ya njano ni ya ndugu zetu. Bakadafi, tunawaita hivyo, wanauza mazutu ku kichwa cha njia, na wengine wao ni marafiki tuliosoma nao. Kuna mazutu wanayonunua kwa shofere mwenyewe, anayeuza lita chache ili apate pesa ya kula juu bosi wake hamutumii kitu. Kuna ingine inayonyonywa usiku shofere akilala. Hatuwezi kupiga kelele juu ya serikali na kufunga macho juu ya hiyo. Lakini tuangalie pia gisi biashara hiyo inakaa. Lita ya bidon haimujui FONER. Haina kipimo. Inawekwa ndani ya nyumba, chini ya kitanda, karibu na mbabula ya kupikia. Siku nyumba itashika moto, haitaungua peke yake. Na inaendelea juu hakuna mahali pa kweli, penye taa na mlinzi na pompe, ambapo lori inaweza kujaza na kulala hapo hapo. Ukiweka mahali hapo, kadafi mwenyewe anaweza kufanya kazi ya pompe na kupata mshahara. Ukimufukuza tu, kesho anarudi na bidon ndogo zaidi.

Halafu asidi. Kwa asidi hatutaki mchezo.

Tarehe 20 mwezi wa pili 2019, kule Kabwe mu Lualaba, lori ya asidi iligongana na basi mu njia hii yetu ya Kolwezi. Watu karibu 20 walikufa, wengine waliunguzwa na ile maji. Walikuwa wasafiri tu, watu waliolipa nauli. Tunaleta habari hiyo si kwa kutisha. Tunaileta juu siterne sawa na ile, tunazipita kila jioni tukienda kununua mkate, na watoto wanacheza kujificha nyuma ya magurudumu yake. Kama valvu inavuja usiku, nani ana chokaa ya kumwaga? Nani ana maji mengi ya kusafisha mtu aliyeguswa? Nani anajua nambari ya kupigia? Sisi hatujui, na sisi njo tunaishi hapa. Na kitu kingine: shofere wa siterne aliyelala saa mbili, ameketi ku usukani, vumbi mu macho, anaondoka saa kumi ya usiku. Kule Ulaya, ambako shaba na kobalti yetu zinaishia ndani ya magari ya umeme, sheria inamukatalia shofere wa lori kupita saa 4 na nusu bila kupumzika dakika 45. Huku kwetu anapumzika pale atakapoanguka.

Kuna majibu matatu tunayasikia kila mara, na tunataka kuyajibu mbele ya watu.

La kwanza: wafukuzwe. Polisi wa rulaji wapite, watoze amende, wamama wabebe sufuria zao waende. Tumeona hiyo dawa mara ngapi? Makamyo yanasogea njia moja mbele, yanalala mbele ya lupango ya jirani mwingine. Amende inakuwa bei ya kulala, inalipwa mkononi, na wiki ijayo kila mtu anajua bei. Wamama wanapoteza mtaji. Wale wanaopenda jibu hili wanasema pia mambo ya mabinti na mashofere, wanasema kwa sauti ya mahubiri. Sisi hatukatai kwamba mambo hayo yapo, na kwamba kuna mabinti wadogo sana ambao hawangepaswa kuwa pale saa ile. Lakini binti analindwa na taa, na polisi asiyeomba kitu, na dispanseri inayofunguliwa usiku. Giza la pembeni halijawahi kumulinda mtu.

La pili: waachie kampuni zijenge. Hapana. Kampuni ikijenga parikingi, itajenga kwa lori zake, ndani ya ukuta wake, na siku mkataba wake utaisha itafunga mlango. Barabara ni ya taifa, kodi ni ya taifa, choo kiwe cha taifa. Kampuni zilipe, ndiyo, na zilipe kulingana na idadi ya makamyo zinazoita. Lakini isiwe zawadi yenye ribani ya kukata na picha ya mkubwa akitabasamu. Tumechoka na ribani.

La tatu ni lile la watu waliosoma: mungoje reli. Tunapenda reli kuliko ninyi! Bababu zetu waliona shaba ikipita juu ya chuma. Reli ya Likasi kwenda Tenke iliwekewa umeme tangu miaka ya 1950. Kama SNCC ingekuwa inatembea, nusu ya barua hii haingeandikwa. Na sasa kila mtu anaimba Lobito, juu tangu 2023 upande wa Angola reli iko mikononi mwa kampuni mpya. Vizuri. Lakini reli ya Lobito itabeba shaba kwenda baharini. Haitaleta chokaa ku mlango wa kiwanda cha Shituru kesho kutwa. Na mtoto anayekohoa leo hawezi kungoja vagoni.

Si kitu tunachoota peke yetu. Kule Kenya, mahali kama Mlolongo na Salgaa palikua mji kwa sababu malori yalisimama pale, bila mpango, sawa na kwetu, na walilipa kwa ajali na kwa magonjwa kabla ya kuanza kupanga. Ku barabara hizo shirika la North Star Alliance liliweka kliniki ndani ya makontena ya bluu, zinafanya kazi saa ambazo shofere amefika, si saa za ofisi. Japani, tangu 1993, wana vituo vya kando ya barabara, sasa zaidi ya 1,000: unasimama, unajisaidia bure, na wakulima wa kijiji wanakuuzia mboga zao hapo hapo. Wakulima wa kijiji, mumesikia? Mama wetu wa bukari angekuwa na meza yake. Na serikali yetu si mgeni wa mazungumzo haya. Kongo ni memba wa shirika la Njia ya Kaskazini linalokaa Mombasa, na la Njia ya Kati linalokaa Dar es Salaam, ambako vituo vya namna hii vinazungumzwa miaka na miaka. Wajumbe wetu wanaenda, wanakula, wanasaini, wanarudi. Likasi hatujaona hata jiwe la kwanza.

Na mambo yakiharibika mbele, sisi nyuma njo tunabeba. Agosti 2024 Zambia ilifunga mpaka wa Kasumbalesa siku chache juu ya ugomvi wa biashara. Siku chache tu. Lakini mstari wa makamyo ukikosa pa kwenda mbele, unarudi nyuma kama maji ya mferezi uliozibwa, na kila mji ulio ku njia unaupokea bila kuulizwa.

Basi tunaomba nini? Choo na maji kwanza. Musicheke. Choo kilichojengwa, si shimo, chenye mtu wa kukisafisha anayelipwa, cha wanaume na cha wanawake, sababu wanaouza hapo wengi ni wanawake na wao pia wana mwili. Kingine kinaweza kungoja bajeti, hicho hakiwezi.

Kisha uwanja wenyewe: nje ya makao ya watu, kando ya barabara ya taifa, ku udongo utakaochaguliwa mbele ya wakaaji wala si ndani ya ofisi iliyofungwa, maana tunajua gisi viwanja vya watu vinavyopotea hapa. Uwe na ukuta, taa, na walinzi, ili shofere asihitaji nyumba zetu kumulinda. Siterne za asidi zikae upande wao, mbali na mbabula, na chokaa na maji tayari, na watu waliofundishwa. Pompe za mafuta zenye bei ya serikali. Dispanseri inayofunguliwa usiku. Meza za wamama ndani, kwa bei ambayo muuza bukari anaiweza, na wale wanaouza leo ku njia wawe wa kwanza kupewa.

Pesa itoke ku FONER na ku peaji, na anayelipa kuingia awe mwenye lori, si shofere. Hapa tunaweka kidole: tumeona mahali pengine parikingi ikigeuzwa mtego, lori inalazimishwa kuingia, inalipishwa, na ndani hamna hata bomba la maji. Hatuombi bariere mpya kwa jina la parikingi. Kwa hiyo tunataka hesabu ibandikwe ku mlango kila mwisho wa mwezi: makamyo mangapi yaliingia, pesa ngapi, ilienda wapi. Kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, kwa herufi kubwa. Kama hesabu haikubandikwa, sisi tutaketi ku mlango na kuhesabu makamyo wenyewe. Tuna vijana wengi wasio na kazi, muda tunao.

Katiba yetu, kifungu cha 27, inasema kila Mukongomani ana haki ya kupeleka ombi kwa mamlaka, peke yake ao pamoja na wengine, na mamlaka inapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu. Tumeandika ombi hilo. Linaenda kwa meya wa mji, nakala kwa burugumesta wa Shituru na kwa gavana wa jimbo. Karatasi za sahihi ziko mikononi mwa vijana wetu ku soko, ku vituo vya basi, na jioni ku mstari wa makamyo. Mashofere wageni hawawezi kusaini, kifungu ni cha Wakongomani. Lakini maneno yao tumeyaandika na tunayapeleka pamoja, bila majina, juu walituomba hivyo. Mama wa bukari amesaini. Alisaini wa nne, akatuambia meza yake iwe karibu na taa.

Siku ya kupeleka tutaomba muhuri na tarehe juu ya nakala yetu, na tutaweka picha ya muhuri huo hapa. Kutoka siku hiyo tutaanza kuhesabu miezi mitatu. Kama hujasaini bado, leta kalamu yako, zetu zinaisha wino.